Mtani Aliyekalia Kaburi la Baba

Tulimzika baba Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, Mei 2011, saa tisa alasiri jua likiwa bado kali. Katekista alikuwa amemaliza sala, vijana wamelibeba jeneza mabegani, na sisi watoto tunafuata nyuma kwenye njia nyembamba inayopita katikati ya miembe. Mara msafara ukasimama. Nikadhani mmoja wa wabebaji amejikwaa. Nilipochungulia mbele nikamwona mzee amekalia rundo la udongo mbichi, amevaa fulana ya timu ya mpira ya Toto African juu ya shati lake la kanisani, chepe amelilaza mapajani.

"Hapiti mtu hapa," alisema. "Marehemu ana deni langu. Beberu mmoja. Nilipeni kwanza, ndipo mzike."

Wajomba zangu waliotoka Geita hawakumjua. Mmoja alishaanza kukunja mikono ya shati. Mama, ambaye kwa siku mbili hakuwa amenyanyua uso, akaunyanyua. Akamtazama yule mzee, akaitazama ile fulana, na nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani kilio kimerudi, kumbe anacheka. "Mpeni huyo mtani chochote," alisema, "la sivyo atamfuata mpaka huko anakokwenda."

Tukachangishana. Elfu moja moja, mia tano mia tano, zikawekwa kwenye kofia. Mzee akazihesabu mbele ya umati, polepole, akalalamika kwamba kwa fedha hizo hapati hata mkia wa mbuzi, kisha akainuka. Jeneza lilipoteremshwa yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika chepe na wa mwisho kuliweka. Vijana walitaka kumpokea mara tatu, akakataa. Udongo ulimganda kwenye fulana kwa jasho, na machozi yalimtiririka waziwazi wala hakuyafuta. Jioni aliirudisha ile kofia kwa mama na fedha zote zikiwa ndani.

Mpira naupenda tangu nikiwa na miaka sita. Lakini ukiniuliza lini nilianza kuuelewa, nitakutajia siku ile ya msiba.

Baba alifanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba, kazi ya kupanga marobota. Hakuwahi kuketi akachagua timu. Pamba lilikuwa jina la zao alilolilima baba yake, jina la mshahara wake, jina la vumbi jeupe lililobaki kwenye nyusi zake akirudi nyumbani, na jina la timu. Wenyewe waliiita TP Lindanda, au Wana Kawekamo. Upande wa pili walikuwa Toto African, Wana Kishamapanda, na yule mzee alikuwa wao, damu na nyama. Alikuwa fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapo Kirumba. Alimwita baba "Robota". Baba alimwita "Kitambaa". Mimi niliitwa Binti Robota kabla sijajua kuandika jina langu.

Deni la beberu lilianza kabla sijaelewa madeni. Siku moja ya mchezo wa Pamba na Toto waliwekeana: atakayeshindwa atatoa beberu. Mchezo ukaisha sare. Baba akadai sare ni kushindwa kwa Toto, kwa sababu Kitambaa alijigamba mtaa mzima kwamba watashinda. Mzee Kitambaa akadai hivyohivyo kwa upande wake. Tangu hapo kila mmoja alimdai mwenzake beberu, mwaka hadi mwaka, na kila Krismasi mmoja alituma mtoto kwa mwenzake na kipande cha kamba: "Mwambie ninataka kumfunga mbuzi wangu." Mtoto huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Nilikwenda na kamba, nikarudi na maandazi.

Baba alikuwa na kidonda kingine cha zamani, na hicho hakukifanyia utani. Kwa timu za Dar alikuwa Simba. Agosti 10, 1974, akiwa kijana, alikuwa ndani ya Uwanja wa Nyamagana siku Simba na Yanga walipoletwa Mwanza kuamua bingwa wa taifa. Watu wa umri wake wa hapa mjini wote watakuambia walikuwepo. Kama wote wanasema kweli, uwanja ule ungepasuka. Adam Sabu aliifungia Simba mapema, dakika ya 16. Baba alisema kuanzia hapo hakutazama tena mpira, alitazama saa ya mkononi ya mtu aliyesimama mbele yake. Zikiwa zimebaki dakika tatu Gibson Sembuli akasawazisha. Zikaongezwa dakika, Sunday Manara akafunga la pili, Yanga wakabeba ubingwa.

"Kosa langu lilikuwa kutazama saa," baba aliniambia mara nyingi. Alikuwa anazungumza kwa dhati kabisa, kama mtu anayeungama. Aliamini kwamba alipoacha kuutazama mpira, kuna kitu alikiacha wazi. Nilipokuwa mdogo niliona hayo ni maneno ya mzee. Sasa nina miaka zaidi ya arobaini, na uwanjani sitazami saa.

Mwaka 1990 Pamba walikuwa mabingwa wa Tanzania. Nilikuwa darasa la nne. Nakumbuka zaidi sauti kuliko mabao: kutoka kwetu uwanja wa CCM Kirumba ulikuwa karibu kiasi kwamba bao lilifika nyumbani kabla halijatangazwa redioni. Mama angekuwa anachambua mchele, mkono ungesimama juu ya ungo, angesikiliza ule mngurumo, kisha angesema, "Ni letu," au angeendelea kuchambua. Alijua tofauti. Bao la mgeni lina kelele fupi yenye makali. Letu lilikuja kama wimbi la ziwa siku ya upepo, lilipanda, likakaa, likashuka taratibu.

Lakini mpira haukuwa mashindano yangu ya kwanza. Ya kwanza niliyaona Bujora.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa wa upande wa Bagalu. Msukuma yeyote anajua maana yake: ngoma zetu tangu zamani zina pande mbili, Bagika na Bagalu, zilizoanzia kwa manju wawili mahasimu, Ngika na Gumha, karne ya kumi na tisa. Kila Juni, wakati wa Sikukuu ya Ekaristi, Bujora kuna Bulabo, tamasha la ngoma, na pande hizo hukutana. Hakuna anayemngoja mwenzake amalize ndipo aanze. Wanacheza saa ileile, katika uwanja uleule, mbali kidogo tu, na hakuna mwamuzi mwenye karatasi. Umati ndio mwamuzi. Anayevuta watu wengi kwake ndiye mshindi, basi. Ndiyo maana wanaleta chatu, ndiyo maana wanarusha majembe hewani na kuyadaka kwa mdundo. Mcheza ngoma wa kwetu hachezi ili apendeze tu. Anacheza ili akunyang'anye kutoka kwa yule mwingine.

Nilikuwa na miaka kama minane. Bagalu walikuwa wanacheza vizuri, lakini upande wa pili mtu akatoa chatu mkubwa ajabu, watoto wakapiga yowe, na miguu yangu ikaanza kwenda yenyewe. Nilikuwa nimepiga hatua labda sita. Bibi akanishika sikio kutoka nyuma.

"Unakwenda wapi?"

"Kuangalia nyoka, bibi."

"Unadhani unaangalia? Wewe unahesabiwa. Ukitoka hapa tumepungua mmoja, na wale wameongezeka mmoja. Hao ni wawili."

Nilibaki, sikio linawaka moto, nikimtazama kijana wa Bagalu aliyekuwa mbele kabisa, jasho limemchora mistari kwenye vumbi la kifua. Alikuwa ameona watu wanahama. Kila aliyehama alimfanya aongeze. Aliruka juu zaidi, akapiga mguu kwa nguvu zaidi, macho ameyaelekeza kwetu sisi tuliobaki, akitutazama mmoja mmoja. Nilipomkuta bibi jioni akizungumza na mwanamke wa Bagika, wanagawana muwa, nilishangaa. Nilidhani ni maadui. Bibi akasema, "Huyu? Asipokuja huyu, sisi tutamchezea nani?"

Hayo ya Bujora yaliniingia kabla sijajua maana ya nafasi ya kuotea. Ndiyo yaliyonifanya nikae na Pamba miaka ambayo kukaa nayo hakukuwa na faida yoyote.

Pamba walishuka daraja mwaka 2001. Tulidhani ni msimu mmoja, na watu wakaanza kuhama polepole. Wengi hawakuhamia Toto. Walihamia Dar, yaani Simba na Yanga, ambazo tayari walikuwa nazo upande mmoja wa moyo. Hili linaniuma mpaka leo, nami naliandika nikijua nami nina Simba niliyorithi. Mwanza ina watu, ina viwanja viwili, ina vijana wanaocheza mpira wa makaratasi kwenye kila mwinuko wa mawe. Lakini Yanga wakija Kirumba, Kirumba inavaa kijani na njano, na timu ya nyumbani inaingia uwanjani kama mgeni. Nimewahi kumwona mchezaji kijana wa hapa anatazama jukwaa kabla ya kuanza, anatafuta upande wake uko wapi. Sitamsahau yule mtoto na shingo yake inayozunguka.

Pamba ya daraja la chini nimeiangalia Nyamagana, mchana wa jua kali, watu sitini, pengine mia. Nilikuwa nimeshaanza biashara ya dagaa Mwaloni. Sisi wa dagaa tunahesabu siku kwa mwezi: wakati wa giza mitumbwi inaingia ziwani na taa, dagaa wanakuja kwa wingi, hakuna anayelala; mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika na soko linapoa. Mchezo ukiangukia siku za mbalamwezi nilikwenda. Ukiangukia giza, nilimwachia mwenzangu magunia na nikaenda vilevile, nikarudi kulipa hasara.

Watu huuliza kulikuwa na nini cha kutazama. Ngoja niseme. Uwanja ukiwa na watu elfu thelathini husikii mpira, unasikia watu. Ukiwa na watu sitini unasikia kila kitu. Unamsikia kipa anavyompanga beki wake kwa jina. Unasikia goti linavyogongana na goti, mlio kama wa kuni, na yule aliyeumia anavuta pumzi kwa meno. Siku moja winga wetu, mwembamba, viatu vyake vimeshonwa kwa uzi wa nyavu za sangara, alipoteza mpira karibu kabisa na niliposimama. Akainama kushika magoti. Nikasema, wala si kwa sauti kubwa, "Baba, umfuate." Alinisikia. Aligeuka akanitazama, kama yule kijana wa Bagalu, kisha akamkimbilia yule beki umbali wa nusu uwanja akamnyang'anya mpira. Halikuwa bao. Ikawa kona, na kona haikuzaa kitu. Ila miye mkono ulikuwa unatetemeka. Kwenye jukwaa la watu elfu thelathini ningekuwa kelele tu. Pale nilikuwa nahesabiwa.

Na kila mara nikirudi, Mzee Kitambaa alikuwa kibarazani na cherehani yake. "Binti Robota, mmeshindwa na nani leo? Timu ya shule ya msingi?" Nikimjibu kwamba Pamba imemzaa Khalfan Ngassa, atasema na mwanawe Mrisho alipita Toto kabla ya kwenda kuwa mfungaji wa Taifa Stars: "Nyie mlizaa, sisi tukalea." Tunaweza kukaa hapo nusu saa. Alikuwa anajua ratiba ya Pamba kuliko mashabiki wengi wa Pamba. Nilichelewa kuliona hilo. Mtu asiyekutakia mema hafuatilii michezo yako ya daraja la chini ya saa nane mchana.

Sasa nifike Mei 20, 2017, siku ambayo sikuwahi kuona mfano wake.

Wakati huo Mwanza ilikuwa na timu mbili Ligi Kuu: Toto, na Mbao FC waliokuwa ndio kwanza wamepanda, chini ya kocha Etienne Ndayiragije kutoka Burundi. Mbao walikuwa wametushangaza sote. Mwisho wa Aprili waliwatoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho hapohapo Kirumba, 1-0, bao la kujifunga. Lakini kwenye ligi walikuwa ukingoni. Siku ya mwisho wanawakaribisha Yanga tena. Toto nao wako ukingoni, wanacheza ugenini.

Nilikwenda na Mzee Kitambaa. Alikuwa na redio ndogo ya betri ameibana sikioni, macho yako kwa Mbao, sikio liko kwa Toto. Fikiria uwanja mmoja wenye watu wa namna hiyo. Yanga wanahitaji ubingwa, na Simba wako nyuma yao kwa pointi tatu tu. Mbao wanahitaji kubaki. Na huku na kule, wazee wenye redio.

Mbao wakashinda 1-0. Yanga wakapoteza na bado wakawa mabingwa, pointi 68 sawa na Simba, tofauti ya mabao ndiyo iliyowatenganisha. Kwa hiyo kipenga kilipolia walioshinda walishangilia kwa kubaki, walioshindwa wakashangilia kwa ubingwa, kijani na njano ikajaa kila mahali, na mimi Msimba niliyenyimwa kombe kwa mabao nikawa nimekaa nimeshika kichwa. Nikageuka kumwambia mzee neno. Redio ilikuwa mapajani, imezimwa. Toto walikuwa wameshuka daraja.

Nilikuwa na deni la miaka kumi na sita la kumcheka. Kila neno alilonitupia tangu 2001 nilikuwa nimelihifadhi, nimelinoa. Nikafungua mdomo. Alikuwa amekaa akiutazama uwanja uliokuwa unacheza ngoma ya watu wengine, kidole gumba kinasugua kifuniko cha betri. Nikamwambia, "Shikamoo, baba mdogo," salamu ambayo nilikuwa nimeshampa asubuhi. Akasema, "Marahaba, mwanangu." Hapo sikuwa Binti Robota. Tulitoka uwanjani nimemshika mkono kwa sababu ya msongamano, nikaendelea kuushika hata msongamano ulipokwisha.

Wiki moja baadaye fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa Jamhuri, Dodoma, Simba na Mbao. Nilitazamia kibanda umiza, nimebanwa kwenye benchi na wabeba magunia wa Mwaloni. Nilikwenda nikiwa Simba. Dakika 90 hakuna bao. Kwenye nyongeza Simba wakatangulia, nikapiga makofi kama mtu mwenye adabu. Mbao waliposawazisha nilijikuta nimesimama juu ya benchi, sauti imenitoka yote. Moyo ulikuwa umeshaamua kabla yangu. Penalti ya Shiza Kichuya mwishoni ikawapa Simba kombe, 2-1. Kombe la timu ya baba yangu, na nilitembea kurudi nyumbani nikiwa mzito kama nimefiwa.

Baada ya Toto kushuka, Mzee Kitambaa aliacha kuniuliza matokeo. Ninapita kibarazani, ananisalimu vizuri, ananiuliza habari za watoto. Nilidhani ningefurahia amani. Nilipungukiwa. Nilikuwa natoka Nyamagana nikiwa na maneno ya kujitetea kichwani na hakuna wa kunishitaki. Siku moja Pamba walifungwa vibaya, nikapunguza mwendo mbele ya nyumba yake kwa makusudi, nikakohoa. Akainua kichwa kutoka kwenye cherehani, akasema pole.

Pole! Ilinikera kuliko tusi.

Mwaka huohuo mtoto wa kaka yangu alihamia kwangu kutoka Sengerema kusaidia dukani, na nikaona namna nyingine ya kuutazama mpira. Usiku wa manane yuko macho na simu, anaugulia. Namuuliza nani anacheza. Ananitajia timu mbili za Bolivia ambazo hawezi kumtaja mchezaji hata mmoja, wala hajali nani anashinda, anachotaka ni mabao yafike matatu. Mkeka wa kubashiri. Ukichanika analala na njaa, ukikubali anakesha tena. Simhukumu, ni kijana na maisha ni magumu. Lakini nilimwambia ukweli wangu: baba na Mzee Kitambaa waliwekeana beberu zaidi ya miaka ishirini na hakuna aliyelipa, kwa sababu hakuna aliyemtaka beberu. Yeye anacheza na mtu asiyemjua, ambaye hatakuja kumzika. Alinyamaza. Baada ya miezi kadhaa alikuja nami Nyamagana, akalalamikia jua dakika 90 zote, na Jumamosi iliyofuata akaniuliza tunaondoka saa ngapi.

Halmashauri ya jiji ilipoichukua timu na jina likawa Pamba Jiji, wapo waliolalamika kwamba si ile. Mimi sikujali jina la nyuma. Aprili 2024 ilipanda Ligi Kuu. Mchezo wa kupandia ulikuwa Arusha, nasi Mwaloni tuliufuatilia kwenye simu moja iliyoegemezwa kwenye mzani wa dagaa. Habari ilipothibitika wanawake walipiga vigelegele juu ya magunia, na mwenzangu mmoja ambaye hajawahi kuingia uwanjani alinikumbatia na harufu yake yote ya dagaa akasema, "Si ulisema watarudi?" Sikukumbuka kama nilisema. Labda niliwahi.

Nilifunga meza. Nikapitia nyumbani kwa mama nikatafuta kitu kwenye sanduku la baba, nikakipata, nikaenda kwa Mzee Kitambaa. Miguu ilikuwa imeshamwisha, cherehani anaiendesha mjukuu. Nikamwekea mapajani kipande cha kamba ya katani.

Aliitazama muda mrefu. Akaipitisha vidoleni kama anakagua uzi.

"Robota alikuwa anaituma Krismasi," alisema.

"Nimeshindwa kungoja Krismasi. Pamba iko Ligi Kuu, Toto iko wapi? Namtaka beberu wangu."

Akafumba macho. Halafu nikaona mdomo unaanza kucheza pembeni, kama wa mama siku ya mazishi, na sauti niliyoikosa miaka saba ikatoka. "Beberu gani? Mmekaa chini miaka 23, hata mtoto aliyezaliwa siku ile mmeshuka ameshaoa, unakuja hapa kudai mbuzi! Wee mwanamke, kaa chini nikueleze historia."

Nikakaa chini.

Agosti 16, 2024 tulimpeleka Kirumba, mjukuu wake upande mmoja, mtoto wa kaka yangu upande wa pili, mimi mbele nikipasua njia. Pamba Jiji na Tanzania Prisons, mchezo wa kwanza wa ligi. Alivaa fulana ileile ya Toto, imefuliwa mpaka maandishi yamebaki kivuli. Watu wawili watatu walimkodolea macho, nami nikawaambia huyu ni mtani wetu, mpisheni. Nilimnunulia karanga. Upepo wa ziwa ulikuwa unaingia kutoka Mwaloni, na Pamba walipotoka chumbani ule mngurumo ulipanda, ukakaa. Nikamfikiria mama nyumbani na ungo.

Mchezo ulikwisha bila bao. Tulikosa nafasi ambazo sitaki kuzikumbuka. Dakika za mwisho Mzee Kitambaa alinipiga kwa kiwiko, "Zimebaki ngapi?" Nikamwambia sijui, sina saa.

Kipenga kilipolia alikuwa na karanga mbili mkononi. Akazitafuna kwanza.

"Suluhu," alisema.

"Suluhu, baba mdogo."

"Basi mnadaiwa."

"Wewe ndiye unayedaiwa," nikamwambia, nikachuchumaa ili ashike bega langu, tukaanza kushuka ngazi mojamoja, yeye akiendelea kunieleza kwa nini.